Ghala Moja au Maghala Mengi? Namna ya Kupanga Programu za Kompyuta Zenye Sehemu Nyingi

Kila mwezi unapokwisha, zahanati, vituo vya afya na hospitali za Wilaya ya Mbozi hujumlisha hesabu za wagonjwa waliotibiwa, wajawazito waliohudhuria kliniki na watoto waliozaliwa. Hesabu hizo hutolewa katika vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambao watu wengi huufahamu kwa jina la MTUHA. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito, na namba 12 ni cha akina mama wanaojifungua. Majumlisho yakiisha kuingizwa katika kompyuta, maofisa wa afya wa Mkoa wa Songwe walioko Vwawa huyaona, na wenzao wa Wizara huyaona vilevile. Dawa, chanjo na watumishi hugawanywa kwa kutazama tarakimu hizo.

Programu inayopokea hesabu hizo huitwa DHIS2. Ilianza kuandikwa katika Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, katikati ya miaka ya 2000, ikiwa mrithi wa programu iliyotungwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kazi hiyo kwa miaka mingi, na leo programu hiyo hutumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Maandishi yake ni mengi mno kwa mtu mmoja kuyasoma yote na kuyashika akilini. Waandishi wake nao wako katika miji iliyo mbali mbali, na wengine hawajapata kuonana.

Hapa linazuka swali ambalo wanafunzi wa sayansi ya kompyuta hawana budi kulitafakari. Je, watu wengi namna hiyo wanawezaje kuandika kitu kimoja, kila mmoja akibadilisha sehemu yake, pasipo kuharibu kazi ya mwenzake? Sehemu ya jibu imo katika lugha ya programu, na sehemu imo katika vyombo. Lakini sehemu kubwa imo katika jambo linaloonekana dogo: ni kitu gani kiwekwe pamoja na kitu gani, na mpaka upite wapi. Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo.

Moduli ni nini?

Mtu akitazama vitabu vya MTUHA ataona kwamba kila huduma ina kitabu chake. Mkunga wa wodi ya wazazi hahitaji kukifungua kitabu cha wagonjwa wa nje ili aandike habari za mtoto aliyezaliwa usiku. Hata safu za kitabu chake zikibadilishwa, kitabu cha wagonjwa wa nje hubaki kama kilivyokuwa. Kinachounganisha vitabu hivyo ni majumlisho ya mwisho wa mwezi, ambayo lazima yaandikwe kwa namna moja iliyokubaliwa nchi nzima.

Programu kubwa hupangwa vivyo hivyo. Hugawanywa katika sehemu zinazoitwa moduli. Kila moduli ina kazi moja inayoeleweka, nayo huzungumza na nyingine kupitia njia chache zilizotajwa wazi. Mwaka 1972 mtaalamu David Parnas aliandika makala mashuhuri akieleza kwamba programu haifai kugawanywa kwa kufuata hatua za kazi tu, yaani hatua ya kwanza moduli ya kwanza na hatua ya pili moduli ya pili. Afadhali kila moduli ifiche ndani yake uamuzi mmoja ambao huenda ukabadilika baadaye. Uamuzi huo ukibadilika, moduli moja tu ndiyo itakayoandikwa upya.

Faida yake yaweza kuhesabiwa. Ikiwa programu ina moduli 4, na kila moja yaweza kuingilia mambo ya ndani ya nyingine, jozi za moduli zinazoweza kugongana ni 6. Ikiwa na moduli 30, jozi ni 435. Wanafunzi wa hisabati watatambua kanuni yake: n(n − 1) ÷ 2. Idadi ya moduli imeongezeka mara saba na nusu, lakini jozi zimeongezeka zaidi ya mara 72. Ndiyo sababu programu iliyokwenda vizuri mikononi mwa mtu mmoja huweza kuwa fujo tupu ikifikia watu kumi.

Ghala la msimbo

Maandishi ya programu huitwa msimbo. Msimbo huhifadhiwa katika mafaili, na mafaili hayo hubadilika kila siku. Zamani mwandishi aliyeogopa kupoteza kazi yake alinakili faili lote na kulipa jina jipya: «malipo2», kisha «malipo2-mpya», kisha «malipo2-mpya-kabisa». Baada ya mwezi mmoja hata yeye mwenyewe hakujua lipi ni sahihi.

Chombo cha kuondoa taabu hiyo kilianza kutengenezwa mapema katika miaka ya 1970 katika maabara za Bell, Marekani. Baadaye vikaja vyombo vingine, kimojawapo kikiwa Subversion kilichoanzishwa mwaka 2000. Mwaka 2005 Linus Torvalds alitunga Git, ambayo ndiyo inayotumika zaidi duniani leo. Vyombo hivyo vyote hufanya kazi moja: hutunza ghala la msimbo pamoja na historia yake yote.

Ghala hilo hufanana na daftari la mhasibu mwaminifu. Mhasibu hafuti kosa kwa raba. Huandika ingizo jipya la kulisahihisha, na la zamani hubaki. Katika Git, kila badiliko linalokubaliwa huwa ingizo lenye jina la mwandishi, tarehe, na maelezo mafupi ya sababu ya badiliko. Ingizo hupewa pia namba ndefu ya utambulisho, ambayo kwa kawaida huwa na tarakimu na herufi 40, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Jambo la kushika ni hili: ingizo moja la Git hutaja hali ya ghala zima katika wakati fulani, wala si hali ya faili moja tu. Ukiambiwa namba ya ingizo, waweza kulirudisha ghala lote lilivyokuwa siku hiyo, miaka kumi baadaye.

Ghala huwa na shina, yaani mwenendo mkuu wa kazi, na matawi ambako mtu huweza kufanya majaribio bila ya kuwasumbua wengine. Kazi ya tawi ikikamilika na kukaguliwa, huunganishwa na shina. Toleo linapotolewa kwa watumiaji, ingizo lake hutiwa lebo ili lipatikane kwa urahisi.

Mfano wa kahawa ya Mbozi

Hebu tuchukue mfano ulio karibu na wasomaji wetu wa Vwawa. Mbozi ni wilaya ya kahawa. Tuseme wanafunzi wa kidato cha nne wanakusudia kuandika programu ya kukisaidia chama cha msingi cha wakulima. Wanaigawa katika moduli nne: «wakulima», yenye orodha ya wanachama, «mizani», inayopokea uzito wa kahawa iliyoletwa, «malipo», inayokokotoa fedha za kila mkulima, na «taarifa», inayochapa hesabu za msimu.

Tuseme mwanzoni mizani ya chama ilisoma kilo nzima nzima. Baadaye chama kinanunua mizani inayosoma hata sehemu ya kumi ya kilo. Mwanafunzi anayeshughulikia «mizani» anabadilisha moduli yake ipokee 47.6 badala ya 47. Lakini moduli ya «malipo» bado inatazamia namba nzima, na ikipewa 47.6 inakata ile 0.6 na kuitupa.

Hasara yake si ndogo. Tukikadiria kwamba kwa wastani nusu kilo hukatwa katika kila mzigo, na bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, basi kila mzigo hupunjwa shilingi 1,500. Mizigo 200 ikipita kabla kosa halijagunduliwa, wakulima wamepoteza shilingi 300,000. Hakuna aliyeiba. Moduli mbili zilizopaswa kubadilika siku moja zilibadilika siku mbalimbali, basi.

Kama «mizani» na «malipo» ziko katika ghala moja, badiliko hilo laweza kuandikwa kama ingizo moja linalogusa moduli zote mbili. Majaribio ya moduli zote huendeshwa kabla ingizo halijakubaliwa, na kosa hufichuka papo hapo. Kama kila moja ina ghala lake, hakuna ingizo moja linaloweza kugusa zote mbili. Lazima pawe na maingizo mawili, katika maghala mawili, na kati yake pana kipindi ambacho kilo za mkulima huweza kupotea.

Hoja ya maghala mengi

Msomaji aweza kuuliza: kama ni hivyo, kwa nini kila kitu duniani kisiwekwe katika ghala moja? Wako waliofanya hivyo. Katika makala iliyotolewa mwaka 2016, wahandisi wa kampuni ya Google walieleza kwamba sehemu kubwa kabisa ya msimbo wao imo katika ghala moja, lenye mafaili yapatayo bilioni moja na kutumiwa na maelfu mengi ya waandishi. Lakini walieleza pia kwamba iliwabidi kujitengenezea vyombo vyao wenyewe vya kulimudu ghala la ukubwa huo. Shule au chuo hakina vyombo hivyo.

Zipo sababu nne za haki za kutenganisha maghala. Ya kwanza ni mwendo wa matoleo. Moduli inayotolewa mara moja kwa mwaka na nyingine inayotolewa kila wiki huzuiana zikifungwa pamoja. Ya pili ni mamlaka. Ikiwa watu wanaoruhusiwa kubadilisha moduli moja si wale wanaoruhusiwa kubadilisha nyingine, mpaka wa ghala ndio mlango ulio rahisi kulindwa. Ya tatu ni matumizi ya nje: moduli inayohitajiwa na miradi mingine mingi haifai kuwaburutia watu hao vitu wasivyovihitaji. Ya nne ni uzito. Kwa kawaida Git humletea mtu ghala zima pamoja na historia yake yote, na mahali ambapo intaneti ni ya pole pole, ghala kubwa ni mzigo. Git inaruhusu kuchukua sehemu ya mwisho tu ya historia, au kufungua baadhi ya vijalada tu, lakini hizo ni nafuu za muda.

Mgawanyo huwa na gharama yake pia. Tuseme moduli nne ziko katika maghala manne, na kila moja ina matoleo matatu yanayotumika. Michanganyiko inayowezekana ni 3 × 3 × 3 × 3, yaani 81. Moduli zikiwa kumi, michanganyiko ni 59,049. Hakuna awezaye kuijaribu yote. Kwa hiyo anayechagua maghala mengi analazimika kutunza orodha inayosema wazi: toleo hili la «wakulima» limejaribiwa pamoja na toleo hili la «mizani» na toleo hili la «malipo». Katika ghala moja orodha hiyo haihitajiki, kwa kuwa namba ya ingizo hutaja hali ya moduli zote kwa mpigo mmoja.

Somo la reli ya TAZARA

Penye mpaka pana haja ya mapatano. Wakazi wa Vwawa wanao mfano mzuri, kwa sababu reli ya TAZARA inapita katika mji wao ikielekea Tunduma na Zambia. Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, nayo ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Upana kati ya vyuma vyake viwili ni milimeta 1,067, sawasawa na upana wa reli za Zambia. Kwa hiyo behewa lililopakiwa Dar es Salaam laweza kupita Vwawa, kuvuka mpaka wa Tunduma na kuendelea katika reli za nchi jirani bila ya kupakua hata gunia moja.

Lakini Reli ya Kati iliyojengwa wakati wa Wajerumani ina upana wa milimeta 1,000. Tofauti ni milimeta 67 tu, pungufu ya upana wa kiganja cha mtu mzima, na hata hivyo behewa la reli moja haliwezi kutembea juu ya nyingine. Ndiyo maana mwaka 1998 kilifunguliwa kituo cha Kidatu kwa ajili ya kuhamisha mizigo kutoka reli moja hadi nyingine.

Mapatano ya upana ndiyo yanayoziwezesha nchi mbili kuendesha reli mbili, kila moja na uongozi wake na karakana zake, na bado mzigo ukapita. Katika programu, mapatano hutaja moduli itapokea nini, itatoa nini, na kwa vipimo gani. Mapatano yakiwa imara, moduli zaweza kukaa katika maghala mbalimbali pasipo hatari. Mapatano yakiwa bado yanabadilika kila juma, kuzitenganisha ni kujitafutia Kidatu ya kila siku.

Tunaweza sasa kutaja kanuni ambayo makala haya yanaitetea: vitu vinavyobadilika pamoja vikae pamoja, vitu vinavyobadilika kila kimoja kwa wakati wake vitenganishwe, baada ya mapatano kati yake kuandikwa na kutulia.

DHIS2 na OpenMRS zilivyopangwa

Kanuni hiyo yaonekana katika programu mbili za afya zinazotumika Afrika Mashariki. Moyo wa DHIS2 umeandikwa kwa lugha ya Java, nao umo katika ghala moja lenye moduli nyingi ndani yake. Iko moduli ya mapatano ya jumla, ziko moduli za huduma mbalimbali kama uchambuzi wa takwimu na ukaguzi wa usahihi wake, ziko za kuwasiliana na hifadhidata, na ziko za kupokea maombi kutoka nje. Hizi hubadilika pamoja mara kwa mara, ndiyo maana zimewekwa pamoja. Chombo kiitwacho Maven husoma faili la juu linalozitaja moduli zote, hutambua ipi inaitegemea ipi, kisha huzijenga kwa mfuatano unaofaa. Moduli mbili zikitegemeana kwa kuzunguka, ya kwanza ikiingoja ya pili na ya pili ikiingoja ya kwanza, Maven hukataa kuendelea. Kukataa huko ni msaada, kwa sababu ni dalili kwamba mpaka umewekwa mahali pasipofaa.

Programu ndogo anazoziona mtumiaji, kama ile ya ramani, ile ya kuchora grafu na ile ya simu za Android, zina maghala yake mbalimbali. Zinazungumza na moyo kwa mapatano yaliyochapishwa. Aidha, kila toleo kuu lina tawi lake katika ghala la moyo. Kwa njia hiyo nchi inayotumia toleo la mwaka uliopita huweza kupata masahihisho pasipo kulazimishwa kuhamia toleo jipya katikati ya mwaka.

OpenMRS, ambayo hutunza kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja, ina asili yake katika ushirikiano wa wataalamu wa Marekani na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, Kenya, na ilianza kutumika huko Eldoret mwaka 2006. Waasisi wake walitambua mapema kwamba kliniki za nchi mbalimbali hazifanani. Kwa hiyo walijenga moyo mdogo wenye ghala lake, na kuuwekea mapatano ya kuambatisha moduli za nje. Moduli nyingi za nje zina ghala lake kila moja, na mkusanyo unaopelekwa hospitalini hufuatana na orodha inayotaja toleo la kila moduli. Ni ile orodha tuliyoisema hapo juu. Hata hivyo, sehemu mpya za programu hiyo zinazoonekana katika kioo cha kompyuta zimekusanywa upya katika maghala machache, kila ghala likiwa na moduli kadhaa zinazobadilika pamoja. Mradi uleule mmoja, basi, umetumia njia zote mbili, kila moja mahali pake.

Mwaka 1968 Melvin Conway alisema kwamba kila mfumo unaotungwa na watu huishia kufanana na jinsi watu hao wanavyowasiliana. Mpangilio wa maghala hauepukani na kanuni hiyo. Timu moja iliyoketi pamoja hulimudu ghala moja kwa urahisi. Timu zilizoko Oslo, Dar es Salaam na Kampala huhitaji mipaka iliyo wazi zaidi.

Hatari ya nakala iliyopotoka

Jambo hili linagusa uwezo wa nchi kujitegemea. Tuseme wizara ya nchi fulani inahitaji taarifa ya namna ya pekee, isiyokuwamo katika programu ya jumla. Njia ya mkato ni kunakili moyo mzima wa programu na kuubadilisha ndani kwa ndani. Kazi huisha upesi na wakubwa hufurahi. Lakini baada ya miezi sita toleo jipya linatoka, lina masahihisho ya usalama, na nakala ya nchi ile haiwezi kulipokea, maana mabadiliko ya wenyeji na mabadiliko ya jumla yamegusa mistari ileile. Kila toleo linalofuata huzidisha umbali. Mwishowe nchi hubaki na programu ya kizeeni ambayo mwandishi wake wa pekee ameshahamia kazi nyingine.

Njia ya pili ni kuiandika haja hiyo kama moduli ya pekee, katika ghala lake, ikiuheshimu moyo na mapatano yake. Ndivyo walivyofanya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotunga programu ya kuonyesha viashiria vya afya kwa rangi, ambamo kijani huonyesha mafanikio na nyekundu huonyesha upungufu. Programu hiyo huambatishwa kwenye DHIS2 kutoka nje. Kwa kuwa haikuandikwa ndani ya moyo, iliwekwa wazi na nchi nyingine zikaweza kuitumia. Mpaka uliowekwa vizuri huruhusu kazi ya Dar es Salaam itoke kwenda ulimwenguni, badala ya kuzikwa ndani ya nakala moja.

Visivyofaa kuingia ghalani

Siyo kila kitu ni msimbo. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulitengwa na Mkoa wa Mbeya, na Vwawa ikawa makao makuu ya mkoa mpya. Zahanati za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zilizokuwa chini ya Mbeya zikawa chini ya mkoa mwingine. Kama majina ya mikoa yangekuwa yameandikwa ndani ya msimbo, ingelazimu waandishi wa programu wafungue ghala na kutoa toleo jipya kwa sababu ya mipaka ya utawala ya nchi moja. Katika DHIS2 orodha ya mikoa, wilaya na vituo ni taarifa zilizomo katika hifadhidata, na hubadilishwa na msimamizi wa mfumo. Hii nayo ni kanuni ileile: mipaka ya mikoa na maandishi ya programu havibadiliki pamoja, basi havikai pamoja.

Kwa msisitizo mkubwa zaidi, majina ya wagonjwa, hesabu za wakulima na maneno ya siri ya kufungulia mifumo hayapaswi kamwe kuingizwa katika ghala la msimbo. Tumesema kwamba ghala halisahau. Neno la siri lililoingizwa leo na kufutwa kesho bado limo katika historia, na yeyote mwenye nakala ya ghala aweza kulisoma.

Namna ya kuanza shuleni

Walimu hawahitaji mitambo mikubwa ili kulifundisha jambo hili. Git hutolewa bure na hufanya kazi bila ya intaneti. Maingizo huandikwa katika kompyuta ya mwanafunzi mwenyewe, na ghala la pamoja laweza kuwekwa katika kompyuta moja ya shule au hata katika flashi. Umeme ukikatika, maingizo yaliyokwisha kuandikwa hubaki salama.

Tunapendekeza kwamba mradi wa darasa uanze na ghala moja, lenye kijalada kimoja kwa kila moduli. Kwa mfano wetu wa kahawa, mpangilio waweza kuwa hivi:

kahawa
— maelezo (mradi ni nini, na namna ya kuuendesha)
— mapatano (vipimo na majina yanayotumiwa na moduli zote)
— wakulima (msimbo wake na majaribio yake)
— mizani (msimbo wake na majaribio yake)
— malipo (msimbo wake na majaribio yake)
— taarifa (msimbo wake na majaribio yake)
— majaribio-ya-pamoja (moduli zote zikiendeshwa kwa pamoja)

Kila kundi la wanafunzi lipewe moduli moja. Kila ingizo liwe na badiliko moja linaloeleweka, na maelezo yake yataje sababu, si kitendo tu. «Nimebadilisha malipo» haimsaidii msomaji wa kesho. «Malipo yapokee sehemu ya kumi ya kilo, kwa kuwa mizani mpya inaisoma» humsaidia.

Baada ya muhula mmoja, darasa lisome historia ya ghala na kuhesabu. Kama katika maingizo 40 yaliyogusa «mizani», 28 yaligusa pia «malipo», hiyo ni asilimia 70. Moduli hizo mbili ni ndugu wa karibu, na pengine ni moduli moja iliyokatwa vibaya. Kama katika maingizo 40 yaliyogusa «wakulima» ni 2 tu yaliyogusa moduli nyingine, basi «wakulima» iko tayari kujitegemea, na shule jirani yaweza kuitumia kwa orodha ya wanachama wake. Kwa njia hii mpaka huwekwa kwa ushahidi uliopatikana kazini badala ya kukisiwa siku ya kwanza.

Wanafunzi watakaoizoea kazi ya namna hii katika sekondari za Mbozi watakapofika chuoni hawatakuwa wageni mbele ya ghala la programu kubwa. Wataweza kuisoma historia yake, kuitambua moduli iliyo na kosa, na kupeleka sahihisho lao likaguliwe pamoja na ya wengine.

Maswali kwa wanafunzi

1. Programu ya shule ina moduli 12. Ni jozi ngapi za moduli zinazoweza kugongana? Je, zikipunguzwa na kuwa 9, jozi zitapungua kwa asilimia ngapi?

2. Moduli 5 ziko katika maghala 5, na kila moja ina matoleo 2 yanayotumika. Michanganyiko ya matoleo ni mingapi? Eleza jinsi orodha ya matoleo yaliyojaribiwa inavyosaidia.

3. Chukua mfano wa chama cha wakulima wa kahawa. Bei ya kahawa hubadilika kila msimu. Je, bei iandikwe katika msimbo wa «malipo», katika kijalada cha «mapatano», au katika hifadhidata? Toa sababu.

4. Chunguza shughuli moja mahali unapoishi yenye sehemu zinazoendeshwa na watu mbalimbali, kama vile soko, kituo cha mabasi au ghala la mazao. Taja mapatano yanayoziunganisha sehemu hizo, na ueleze litakalotokea upande mmoja ukiyabadilisha bila ya kuujulisha mwingine.